Chumvi Huonjwa na Koo

Watu wakisikia kwamba nilimtolea mdogo wangu figo, hunitazama kama mtu aliyeshushwa kutoka mbinguni kwa kamba. Jirani mmoja alinishika mkono akalia. Nikamwacha alie, machozi yake hayanipunguzii kitu. Lakini wewe nakuambia mapema, tusije tukalaumiana mbele ya safari: sina moyo wa malaika. Nina moyo wa kawaida wenye kinyongo, na figo moja.

Wanasema tenda wema uende zako. Mimi nilitenda, na kabla sijaenda zangu nikafukuzwa.

Baba yetu alikuwa mwoka mikate. Alituachia tanuri la matofali, chumba cha kukandia chenye meza mbili ndefu, stoo ya unga, na dirisha dogo la kuuzia linalotazama barabara. Kando ya tanuri kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kijiko. Kijiko cha supu, kizito, mpini umepinda. Chumvi haikumwagwa kwenye unga. Iliyeyushwa kwanza kwenye jagi la maji, na kabla maji hayo hayajaingia kwenye beseni la unga, Baba alichota kijiko kimoja akanywa, akafumba macho. Wakandaji walisimama kimya, mikono juu ya meza. Akisema "Haya," kazi inaanza. Akisema "Bado," jagi linaongezwa chumvi au maji, na anaonja tena.

Hakutema hata siku moja. "Ulimi hauna adabu," alituambia, "unapenda kila kitu. Chumvi huonjwa na koo." Mizani tulikuwa nayo, akaifungia stoo. Alisema mizani hudanganywa na vumbi.

Alipofariki, kijiko alichukua mdogo wangu. Hakuna aliyeuliza kwa nini si mimi, niliyemzidi miaka saba na niliyekuwa nikikanda unga yeye akiwa bado anatambaa chini ya meza. Alikuwa mwanaume, basi. Nikanyamaza, nikajiambia zamu yangu itakuja.

Ikaja kwa mlango wa nyuma. Figo zake zikafa. Miaka miwili alikwenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, amekonda, ngozi imekuwa kama ya mtu aliyepakwa majivu. Tanuri nikalishika mimi. Kijiko nikakishika mimi. Mikate ikatoka mizuri mpaka wateja wa mtaa wa pili wakaanza kuja. Uliza watu, wapo.

Kisha madaktari wakasema atafute ndugu wa kumtolea. Nikajitokeza. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na mzaliwa naye nilikuwa mimi peke yangu. Wakanipima kila kitu, kilichokataa ni presha. Ilikuwa juu, si sana, lakini mwenye presha hatoi figo. Daktari akaniuliza kuhusu chumvi. Nikaapa kwamba sili chumvi nyingi, nikarudi zangu nyumbani, na njiani nikakumbuka kijiko. Mabeseni tisa kila asubuhi, vijiko tisa vya maji ya chumvi, vyote vimepita kooni.

Wiki sita nikaonja na kutema. Nilitemea kwenye kitambaa, nimewageuzia wakandaji mgongo, nikiogopa kama mwizi. Presha ikashuka kama mtu aliyekatiwa ngazi. Wakanipasua, wakachukua ya kushoto, wakampa. Na mikate? Ile niliyoionja kwa kutema haikuwa na tofauti hata punje. Sikumwambia mtu. Kumwambia mtu kwamba neno la Baba si kweli, na Baba yuko kaburini, kulinishinda.

Mdogo wangu akafufuka. Miezi minne baadaye alirudi kwenye tanuri amenawiri, shati jipya, sauti kubwa. Akafanya karamu ya shukrani. Alisimama akawashukuru madaktari, wauguzi, mkewe, majirani, hata aliyemwendesha hospitali. Akapapasa tumbo akasema, "Na hii figo yangu, haijawahi kunisumbua." Yangu! Mimi nilikuwa nimeketi meza ya kwanza, mshono haujaacha kuwasha. Nilingoja aseme neno moja tu mbele za watu: figo ya dada. Nilingoja mpaka viti vikakusanywa.

Kijiko alikichukua siku ileile ya kwanza. Mwezi mmoja nikavumilia. Halafu asubuhi moja mikate ya beseni la tatu ikatoka haina ladha, nami nikasema mbele ya wakandaji, "Chumvi imepungua." Akanitazama. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Dada," alisema, "hapa anaonja mmoja. Wewe umeshafanya ya kutosha. Nenda nyumbani ukapumzike."

Kesho yake nilikuta kufuli jipya. Asante ya punda ni mateke, lakini punda walau hakuambii ukapumzike.

Nikapanga chumba chenye jiko dogo la kukaangia, nikaanza kuuza maandazi kwenye meza ya mbao mlangoni. Maandazi hayana chumvi ya kuonja. Nilikuwa hapo, mikono kwenye unga, simu ilipolia kwa mara ya kwanza.

Alikuwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Simlaumu kwa lolote, ni mtu mwema kupita kiasi, wa kuombwa nazi akatoa na mbuzi wa kukunia. "Wifi," alisema, "najua mmekosana. Lakini daktari amesema presha yake imepanda, na presha ndiyo adui wa figo ya kupandikizwa. Tumeambiwa tuipime asubuhi na jioni tuiandike. Nitakuwa nakutumia namba. Ni figo yako, una haki ya kujua."

Ona, mwanamke wa watu aliliona. Mwenyewe hakuliona.

Namba zikaanza kuja kila asubuhi. Mia na arobaini na nane kwa tisini na mbili. Mia na hamsini na sita kwa tisini na nane. Wifi alitoa chumvi yote ndani ya nyumba. Alikagua mifuko ya suruali ya mumewe. Alinusa mashati. Alikwenda kugombana na mwenye kioski akidhani anamuuzia karanga za chumvi kwa siri. "Wifi, mtu anakula chakula hakina ladha kama karatasi, na presha haishuki! Anapata wapi?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijua siku ya kwanza. Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Lakini sikuwa na hakika kama bado anameza, na hakika hiyo nililetewa na Redio.

Redio ni mkandaji wa siku nyingi, na jina hilo hakupewa bure. Kila alipomaliza zamu alipita kwangu kununua maandazi mawili na kuacha habari kumi.

"Bosi anaendeleaje?" nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Miguu imemvimba kwa vidonge. Ameongezewa cha tatu. Kingine kinamfanya akohoe mpaka unga unaruka."

"Na kijiko?"

"Kijiko kama kawaida. Tisa kila siku, mwisho wa wiki vinafika kumi na tatu. Anafumba macho kama marehemu Mzee. Aah, yule kwa kuonja!"

"Anameza?"

Redio akacheka. "Sasa dada, kuna kuonja bila kumeza?"

Nikamwongezea andazi la tatu bila kumwambia kwa nini.

Basi nikakaa na siri yangu. Nasema waziwazi: nilifurahi. Kila asubuhi nilifungua simu kabla sijanawa uso. Ikiwa namba imepanda, unga siku hiyo ulikandika wenyewe. Nilimwona akilini akivimba miguu, nikasema pumzika, mdogo wangu, umeshafanya ya kutosha. Nilimwona akikohoa, akiamka na kichwa kinachogonga, akihesabu vidonge kwenye kile kiboksi chenye siku za wiki, vya presha na vile vya kuzuia mwili usiikatae figo, na nikajua kwamba neno langu moja lingemponya. Alikuwa ananihitaji na hajui. Utamu wa jambo hilo siwezi kukueleza. Alininyima kijiko, na kijiko chenyewe kilikuwa kinamchapa kwa niaba yangu.

Nilijiwekea mpaka. Ikifika mia na sitini, nitasema. Ikafika. Nikasema basi ikifika mia na sabini. Miezi mitatu ikapita hivyo, na mpaka wangu ukawa unahama kama uzio wa jirani mwizi.

Siku moja wifi hakutuma namba, alipiga. Sauti yake ilikuwa chini. "Mia na sabini na nane kwa mia na sita. Na kipimo cha damu kimetoka kibaya, wifi. Daktari anasema figo inachoka. Wanataka kuidunga sindano wakate kipande wakichunguze. Keshokutwa tunaonana naye."

Nilikuwa nimesimama. Mkono wangu ukaenda wenyewe ubavuni, pale kwenye kovu. Figo inachoka. Si yeye, figo. Ile iliyokaa ndani yangu miaka arobaini na minne bila kunidai hata siku moja, nikamkabidhi mtu, kisha nikakaa mlangoni nauza maandazi huku nikihesabu anavyoiua. Sikumwonea huruma yeye. Niliionea huruma ile.

"Nakuja na mimi," nikasema.

Lakini usidhani kisasi kiliniisha. Kilibadilisha nguo tu. Nikiwa nakunja aproni nilishapanga: sitamwambia faraghani kama dada mwema. Nitasema mbele ya daktari, mbele ya muuguzi, mbele ya mkewe, ajue nani alikuwa anajua kazi ya Baba na nani alikuwa anaigiza. Nikayeyusha chumvi kwenye maji, kipimo kilekile cha jagi la Baba, nikajaza chupa ya soda. Nikachukua na kijiko cha supu.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, kina mzani wa kusimama, picha ya figo iliyopasuliwa katikati, na feni inayozunguka kwa kulalamika. Mdogo wangu aliponiona aligeuza uso ukutani. Muuguzi alimfunga mkanda wa presha mkono wa kulia, maana wa kushoto una ule mshipa wa kusafishia damu na haufungwi. Mashine ikavuma, ikalegea. Mia na themanini.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani shingoni, akashusha pumzi. "Tuanze upya. Unakula nini?"

Akataja. Uji mtupu. Wali bila chumvi. Mboga za kuchemsha. Wifi akaitikia kila kimoja kama shahidi mahakamani. Wala hawakudanganya, na hapo ndipo palipokuwa na raha.

"Daktari," nikasema, "umemuuliza anakula nini. Muulize anaonja nini."

Nikatoa chupa, nikamimina kwenye kijiko, nikamsogezea daktari. "Onja wewe kwanza."

Aliuchovya ulimi tu, uso ukamkunjamana. "Hii ni nini?"

"Kazi yake. Hiyo, kijiko kizima, mara tisa kila asubuhi. Mwisho wa wiki, mara kumi na tatu."

"Na unameza?" daktari alimgeukia.

Mdogo wangu alikuwa anatazama kijiko kama mtu aliyeonyeshwa picha yake akiwa uchi. "Kile si chakula," alisema polepole. "Kile ni kazi. Chumvi huonjwa na koo."

Muuguzi akaguna cheko, akaliziba kwa mkono. Wifi akashika kichwa: "Mimi nimegombana na mwenye kioski!" Naye, Bosi mzima, akawa mdogo kwenye kiti, magoti pamoja, miguu imevimba ndani ya viatu vilivyofunguliwa kamba. Miezi yote ile ya meza ya mbao ililipwa pale. Ningesimama hapo nikaondoka zangu, ningekuwa nimeshinda.

Lakini mdomo ulioshiba sifa haujui kufunga. Daktari aliuliza, kwa kunisifu kabisa, "Wewe umejuaje?"

"Nilijipima mwenyewe," nikasema, kifua mbele. "Kabla ya upasuaji presha yangu ilikataa. Nikaacha kumeza, nikawa naonja natema. Wiki sita tu, ikashuka. Na mikate haikuwa na tofauti hata punje."

Mdogo wangu akainua uso. "Ulikuwa unatema kwenye tanuri la Baba?" Hilo ndilo lililomuuma kwanza, mpumbavu yule. Kisha nikamwona anahesabu. Alihesabu kwa midomo, kama alipokuwa mdogo. "Kabla ya upasuaji," alisema. "Kwa hiyo ulijua tangu kabla ya upasuaji."

Feni ilizunguka. Ningeweza kusema nilisahau. Ningeweza kusema nimekumbuka jana. Watu wote mle ndani walikuwa wananitazama, na mimi uongo wa haraka sina.

"Nilijua," nikasema.

Wifi hakupiga kelele. Alikuwa ameshika lile daftari la namba mapajani, limechakaa pembe. "Wifi," alisema, "kila asubuhi nilikuwa nakuandikia wewe."

Daktari akavaa miwani, akarudi kwenye karatasi zake, akazungumza na dawati. Kijiko kiachwe leo hii. Presha itaanza kushuka ndani ya wiki chache, sindano itasubiri kwanza tuone. Namba isizidi mia na thelathini kwa themanini, hiyo ndiyo sheria. "Ila niseme ukweli," aliongeza. "Miezi mitatu ya presha ya namna hii imekwangua. Kilichopungua kwenye figo hakirudi. Tutalinda kilichobaki."

Tulitoka. Wao walishika njia yao na mimi yangu.

Siku ya tatu Redio alikuja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na habari. Alisema tu, "Bosi anakuita. Kesho asubuhi, kabla ya beseni la kwanza."

Nilikwenda na aproni iliyofuliwa. Tanuri limewashwa, meza zimepanguswa, wakandaji sita wamesimama na mikono juu ya meza kama enzi za Baba. Jagi liko tayari. Mdogo wangu alitoa kijiko kwenye msumari, akakifuta kwa shati lake, akanikabidhi mbele yao wote.

"Kuanzia leo anaonja dada," alisema.

Nimeota maneno hayo tangu siku ya mazishi. Mpini uliopinda ukakaa mkononi mwangu kana kwamba ulipindwa kwa ajili yangu. Redio alitabasamu mpaka masikioni. Nikachota, nikainua, na hapo mdogo wangu akasogea karibu, mdomo sikioni mwangu, sauti ya chini ambayo wakandaji hawakuisikia.

"Meza, dada," alisema. "Usiteme. Na hiyo figo uliyobaki nayo ni yako vilevile, ifanye utakavyo."

Maji yalijaa kijiko. Niliyatazama. Nilikuwa nimengoja miaka kumi na moja kuyanywa maji yale mbele za watu na kusema "Haya," na nikaona kwamba yeye amenipa yote, hajapunguza hata tone, na kwamba hakuna kisasi nilichomfanyia mimi kilichofikia hiki.

Nikayarudisha kwenye jagi. "Leteni mizani," nikasema.

Wakandaji wakatazamana. Redio akaingia stoo, tukamsikia akisogeza magunia, akatoka nayo imefunikwa vumbi la unga tangu enzi za Baba. Akaipuliza, akaipangusa, akaiweka mezani. Nikapima chumvi. Hakuna aliyefumba macho, na beseni la kwanza likaanza kukandwa.

Mdogo wangu alikitundika kijiko kwenye msumari. Kisha alivuta kiti karibu na tanuri, akaketi, akatoa mashine ya presha kwenye mfuko na daftari la mkewe. Akakunja mkono wa shati la kulia, akaunyoosha kwangu mbele ya wakandaji wote.

"Njoo uipime figo yako, dada," alisema kwa sauti.

Nikafunga mkanda. Mashine ikavuma, ikalegea. Mia na sitini na mbili kwa tisini na sita. Nikaiandika mwenyewe, chini ya zile zote alizokuwa akinitumia wifi.